Koni nyekundu na jeti ya 140: DR650 iliyorudi toka Natron juu ya pikapu ya ndizi

Jumapili saa tatu usiku simu inaita, jamaa yangu yuko Mto wa Mbu. "Braza, chuma kimegoma. Nimeshaipakia kwenye pikapu ya ndizi, asubuhi utakuwepo?" Nikamwuliza imegomaje, akasema ilianza kukohoa kwenye mchanga kabla ya kufika Engaresero, kule Ziwa Natron, afu ikazima, afu haikuwaka tena mpaka jua lilipozama, ikawaka kidogo, ikazima tena. Nikamwuliza swali moja tu, ile koni nyekundu ya kuchujia hewa bado ipo? Kimya. Afu akacheka kile kicheko cha mtu anayejua anachokuja kuambiwa.

Nieleze chuma chenyewe kwanza. Ni Suzuki DR650SE, ile ya silinda moja, sisi 644, inapozwa na hewa na oili, kabureta ya Mikuni BST40. Muundo huu umetoka 1996 na kiwanda hakijaugusa sana toka hapo, na ndo maana watu wa safari ndefu wanaupenda, hauna kompyuta, hauna rejeta, unaweza kuufungulia chini ya mgunga ukaurudishia. Hii ya jamaa aliinunua kwa msafiri aliyekuwa amemaliza mzunguko wake akataka kupanda ndege kurudi kwao. Ilikuwa nzima, imetunzwa, ikiwa na boksi lake la ea klina na kila kitu. Shida ya jamaa ikawa moja, kila akipanda mlima akiwa na mzigo na abiria anasema "haivuti". Akaingia mtandaoni, akasoma kwamba kiwanda kimeibana pumzi, kwamba ukitoa boksi zima ukavalisha koni moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta inakuwa pikipiki nyingine kabisa. Akaagiza koni. Boksi akalipeleka nyumbani akawa anawekea misumari na spana.

Niseme ukweli, hilo la kubanwa pumzi sio uongo mtupu. DR650 inatoka kiwandani ikiwa imebanwa kweli, juu ya boksi chini ya siti kuna mrija mweusi wa plastiki, sisi tunauita pua, kazi yake kubwa ni kupunguza kelele za kuvuta hewa ili pikipiki ipite kwenye sheria za sauti za huko inakouzwa. Na mafuta nayo yamepunguzwa kwa ajili ya sheria za moshi, ndo maana hata ikiwa mpya kabisa ukiiachia resi inapasuapasua kidogo, na ukitembea spidi moja inakuwa kama inasitasita. Kwahiyo aliyeandika kwamba kuna nguvu imefichwa humo hakukosea. Alichokosea ni kumfanya mtu aamini kwamba nguvu iko kwenye tundu.

Jumatatu imeshushwa. Mi nina tabia, sishiki spana kabla sijaangalia na kunusa, maana ukishafungua umeshapoteza ushahidi. Kwahiyo tukaanza nje. Chini ya bloku kulikuwa na oili imelowa vumbi, tope kabisa, imezunguka gasketi ya chini. Nikafuata mpira wa kupumulia injini, ule unaotoka juu ya krankikesi, yaani tumbo la injini, kawaida unaingia kwenye boksi la ea klina. Sasa boksi halipo. Nikaufuata mpaka mwisho nikakuta mwisho wake umezibwa na bolti ya namba kumi, imebanwa na klipu vizuri kabisa, kazi safi. Nikamwuliza hii ni nini?

"Ilikuwa inanidondoshea oili kwenye kiatu, fundi mmoja akanisaidia."

Hapo nilikaa chini kwanza. Silinda moja ya sisi 644, pistoni ikishuka inasukuma hewa yote iliyo chini yake, ikipanda inaivuta, mara maelfu kwa dakika. Ule mpira ndo pua ya injini yenyewe. Ukiuziba, presha inatafuta pa kutokea, na inatokea kwenye sili na gasketi. Ukiuacha unaning'inia wazi nao ni balaa lingine, maana injini haitoi tu, inavuta pia, na ukining'inia karibu na cheni kwenye njia ya Natron inavuta lile vumbi moja kwa moja mpaka kwenye oili. Kwahiyo boksi lilikuwa linafanya kazi ambayo jamaa hakujua hata kama ipo, na fundi aliyemsaidia alitibu kiatu.

Tukaja kwenye koni. Nikailegeza klipu, nikaitoa, nikaingiza kidole kwenye mdomo wa kabureta. Kidole kikatoka na unga. Sio vumbi la kusema ah, vumbi tu, ni unga laini wa kijivu kama wa ngano, na njia ile kila aliyepita anaujua, ardhi ya huko ni ya volkano, Ol Doinyo Lengai iko pale pale inakuangalia, ukisimama vumbi linakupita mbele. Slaidi ya kabureta ilikuwa na mistari ya kahawia. Koni yenyewe ni ya pamba, na pamba ya aina ile bila mafuta yake yanayonata haizuii kitu, inachuja mende. Ilikuwa kavu. Na kwenye mshono wa chini, pale raba inapoungana na wavu, ilikuwa imeachia, unaweza kupitisha ukucha.

Sasa hapa ndo nilipopenda hiki kisa, kwasababu mtu wa haraka angesema basi, vumbi limeziba, osha, weka, nenda. Lakini nilitoa plagi. DR650 ina plagi mbili kwenye silinda moja, na zote mbili zilitoka nyeupe, kigae chake cheupe kabisa kama meno ya mtoto, na vidoadoa vidogo juu. Kama koni ingekuwa imeziba, injini ingekosa hewa, mafuta yangezidi, plagi zingekuwa nyeusi za masizi. Nyeupe maana yake ni kinyume, hewa imezidi, mafuta hayatoshi, moto unawaka mkali. Kwahiyo vumbi lilikuwa linapita, haliizibi, na wakati huohuo injini ilikuwa inaungua kwa njaa ya mafuta. Magonjwa mawili kwa dawa moja.

Nikamwuliza jeti ulibadilisha? "Jeti gani?"

Jeti ni kile kitundu kinachopima mafuta ndani ya kabureta, na jeti kubwa ya DR650 toka kiwandani ni namba 140. Ilikuwa hiyohiyo. Watu wengi hawajui kwamba kabureta haisukumi mafuta, mafuta yananyonywa. Hewa ikipita kwa kasi kwenye koo la kabureta inaacha unyonyaji, na unyonyaji huo ndo unavuta mafuta kupitia jeti. Ukiwa na boksi lenye pua nyembamba, lile boksi linaongeza unyonyaji kidogo pale kwenye koo. Ukiling'oa, hewa inaingia kirahisi, unyonyaji unapungua, na jeti ileile ya 140 inatoa mafuta pungufu kwa hewa iliyozidi. Injini inapata nguvu nzuri pale uzito wa hewa unapokuwa kama mara 12 na nusu hadi 13 ya uzito wa mafuta. Kiwanda kilishaisogeza upande wa njaa, jamaa akaisogeza tena.

Afu kuna jambo la tatu, na hili hata mi nimelijua baada ya kuumia mwenyewe miaka fulani. BST40 sio kabureta ya waya kuvuta slaidi moja kwa moja kama za boda. Ukivuta resi unafungua kipepeo tu, slaidi inapanda yenyewe kwa tofauti ya presha, kuna mpira mwembamba kule juu, dayaframu, upande mmoja unasikia presha ya koo, upande wa pili unasikia presha ya hewa inayoingia. Na huo upande wa pili unapumulia kwenye vitundu vidogo pale mdomoni mwa kabureta. Koni ya jamaa ilikuwa na mdomo mnene wa raba, na ukiivalisha ule mdomo unakalia vitundu. Niligeuza raba nikaona alama za vitundu zimejichora kabisa. Kwahiyo slaidi ilikuwa haijui ipande au ishuke, ndo ile kitu alichokuwa ananieleza, "navuta resi inanyamaza kwanza, afu inashtuka kama imekumbuka kitu."

Nikamwuliza sasa wakati unatembea nayo mjini hukuona? Akasema mjini ilikuwa safi, inanguruma, watu wanageuka, aliona imepata nguvu. Na mi namwamini. Ukifunga koni ile sauti ya kuvuta hewa inatoka nje chini ya mapaja yako, sikio linaambia mwili kwamba tunaenda kasi. Na mjini Arusha utavuta resi mpaka mwisho wapi, Kijenge? Kwenye foleni ya Sanawari? Mjini unatumia jeti ndogo na sehemu ya chini ya sindano, ile inayopanda na kushuka na slaidi, jeti kubwa haiguswi, inaanza kusema pale resi imepita robo tatu na unaishikilia. Mara ya kwanza kuigusa kwa dakika kumi mfululizo ilikuwa lami ya kwenda Makuyuni, na pale akasikia inasita kwenye 110, akafikiri ni upepo. Mara ya pili ilikuwa kwenye mchanga, gia ya pili, resi imejaa, spidi ndogo, hakuna upepo wa kupoza bloku, jua la Natron juu. Hapo ikalala.

Waliokuwa wamekusanyika pale kijiweni, maana pikipiki kubwa ikifunguliwa watu hawakosi, wakatoa hukumu moja, ni mwinuko. Arusha iko juu kama mita 1,400, Natron iko kama mita 600, ukishuka hewa inakuwa nzito, mafuta hayatoshi. Maneno hayo yana ukweli, na wengi wanayasema kwa kujiamini sana, ila nilipiga hesabu nyuma ya risiti. Kwa mita hizo hewa ya Natron ni nzito kuliko ya Arusha kama kwa asilimia 9. Lakini joto nalo linaipunguza uzito, toka nyuzi 22 mpaka 36 unarudisha kama asilimia 4 au 5. Inabaki asilimia 4 au 5 hivi, na kabureta yenyewe hewa ikiwa nzito inavuta na mafuta zaidi kidogo, kwahiyo mchanganyiko umehama labda asilimia mbili. Injini nzima haifi kwa asilimia mbili. Hiyo ni kama mtu kafa kwa malaria mnasema ni kwasababu alikosa chai asubuhi. Kama kulikuwa na msaada wa mwinuko basi ni kwamba Arusha ilimfichia kidogo, hewa nyepesi ya huku ikafanya njaa isionekane sana.

Kabla ya kurudishia chochote nilitaka kujua vumbi limekula kiasi gani. Hapa kuna mtego. Fundi jirani alileta geji ya kompresheni, akapima, akatikisa kichwa, "hii imekwisha, ringi." DR650 ina kifaa kwenye kamshafti kinachoachia vali ya ekzosi kidogo wakati wa kustati ili stata isipate tabu, kwahiyo geji inasoma namba ndogo hata kama injini ni mpya. Nimeona watu wakifungua bloku zima kwa sababu ya geji ile. Na bloku hili lina koti gumu ndani, sio la kupeleka leth kuchongesha saizi inayofuata kama bloku la boda, ukilifungua bila sababu umejitafutia gharama. Tukafanya kwa njia nyingine, pistoni juu kabisa vali zote zimefunga, gia imeshikwa ili isizunguke, ukaingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi moja huku nyingine imefungwa, afu unasikiliza. Kwenye ekzosi kulikuwa na mnong'ono kidogo. Kwenye kabureta kimya. Kwenye tundu la oili unasikia pumzi inapita, lakini sio filimbi. Ringi zimeguswa, hazijafa. Ule mnong'ono wa ekzosi ulinipeleka kwenye vali, nikakuta nafasi ya vali za ekzosi imekaza kuliko kitabu kinavyotaka, na hapo ndo jibu la kwanini ikiwa ya moto haiwaki, ikipoa inawaka. Vali ikipata moto inarefuka, kama nafasi haipo haifungi sawasawa. Tukazirekebisha, hizi ni za skrubu na nati, saa moja imetosha. Oili ikamwagwa, ilikuwa na ugumu fulani kwenye vidole kama ina mchanga wa kusagia. Tukaweka mpya, tukaendesha kidogo, tukamwaga tena.

"Sasa lile boksi nirudishe?" Akaniuliza kama mtu anayeambiwa arudishe mahari.

Nikamwambia kaka, nyumbani kwako una simtanki? Anayo. Maji ya bomba yanakuja kwa nguvu? Hapana, yanakuja kidogokidogo. Lakini bafuni yanatoka kwa nguvu. Basi boksi ndo simtanki. Injini ya silinda moja haipumui mfululizo, inameza mafunda. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika inameza mara 50 kwa sekunde, kila funda ni kama nusu lita na zaidi, kati ya funda na funda imefunga mdomo. Pua ya boksi inajaza polepole bila kukoma, boksi linatunza hewa iliyotulia, na ule mpira mrefu toka kwenye boksi mpaka kabureta ndo bomba la bafuni, urefu wake umepimwa ili mawimbi ya hewa yanayorudi yafike wakati vali inafunguka tena. Ukivua vyote ukavalisha koni unakunywa moja kwa moja toka kwenye bomba la mtaa, tena karibu na bloku la moto, hewa ya moto. Akanielewa, ingawa aliniuliza kwanini basi za mashindano hazina boksi. Zinazo nyingi tu, nikamwambia, na kubwa kuliko lako.

Misumari ikamwagwa, boksi likaoshwa. Ea klina ya kiwandani ya DR650 ni sponji juu ya fremu ya plastiki, tukanunua sponji mpya, tukailoweka kwenye mafuta yake ya kunata, ukaikamua mpaka inakaa rangi moja kote, na kwenye mdomo wake grisi nyembamba ili ikae bila mwanya. Mpira wa kupumulia injini ukarudi mahali pake, bolti namba kumi nimeitundika ukutani.

Kuanzia hapo tukaenda hatua kwa hatua, na kila hatua tulipima njia moja, kipande kilichonyooka baada ya Kisongo, alfajiri kabla ya magari, gia ya nne toka 60 mpaka 100, simu imefungwa inarekodi spidomita, tunaenda na kurudi ili upepo usitudanganye. Hii nashauri sana kwasababu makalio hayapimi, makalio yanasikia kelele.

Ikiwa ya kiwandani kabisa, yenye pua na jeti 140, ilikuwa tayari inaishinda ile ya koni. Jamaa alirudia video mara tatu hakuamini. Ile pikipiki aliyoona haivuti ilikuwa na kasi kuliko ile aliyoitengeneza.

Tukatoa pua tu, boksi hatukukata. Kuna watu wanakata mfuniko wote wa juu, mi sikutaka, pua ukiichomoa unaweza kuirudisha, plastiki ukiipiga grainda imekwenda, na chini ya siti ile ndo mahali maji yanapoingia ukipeleka pikipiki kuosha kwa presha, vijana wa kuosha magari wanaelekeza mkuki popote. Bila pua na jeti ileile 140 ikawa na sauti nzuri na tabia mbaya, ikitembea spidi moja inayumba resi, ukiiachia inapiga mabomu. Nikavuta choki kidogo ikiwa inatembea, ikatulia. Huo ndo mtihani rahisi kuliko yote, choki inaongeza mafuta, kama ikivutwa injini inafurahi basi ilikuwa na njaa.

Tukaanza kulisha. Sindano ya hii haina ngazi za kuhamisha klipu, kwahiyo unaweka washa ndogo, ile ringi bapa ya chuma, chini yake inyanyuke, tuliweka ya nusu milimita. Skrubu ya mchanganyiko wa sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kuvuta resi, ilikuwa imezibwa na kifuniko cha shaba kiwandani, hapo ni drili ndogo na mkono mwepesi, ukizamisha drili ikipitiliza umeharibu skrubu yenyewe na siku yako. Tukaifungua mizunguko miwili na nusu. Mabomu yakapungua mengi, sailensa ikatulia. Afu jeti kubwa, tulikuwa na 145, 150 na 155 kwenye kopo la filamu. Na 155 ilikuwa nzito, juu inaungaunga kama ina kikohozi cha mafua, ekzosi inanuka petroli. 150 ilienda lakini ya mwisho kabisa ilikuwa butu. 145 ikawa ndo yenyewe kwa huku juu na ekzosi ya kiwandani, japo ukisoma namba za watu wanaoishi pwani au waliobadili ekzosi wanataja kubwa zaidi, wako sahihi kwao. Plagi baada ya Makuyuni na kurudi zikatoka rangi ya chai ya maziwa iliyokolea.

Tofauti kati ya kiwandani na hii ya pua kutolewa na 145? Chini ya sekunde moja kwenye ile 60 mpaka 100. Ipo, unaisikia zaidi katikati, resi inaitika mara moja, injini haichemki ovyo. Lakini haikuwa pikipiki nyingine. Nilimwona usoni.

Ndo nikamwuliza swali ambalo tulipaswa kuanza nalo, wewe unataka nini hasa? Akasema nataka kupanda na mke wangu na begi bila kubadili gia kila kona. Basi hiyo sio hewa, hiyo ni spoketi. DR650 inatoka na meno 15 mbele na 42 nyuma. Ukiweka 14 mbele unapata mvuto zaidi kwenye tairi kama asilimia 7, kwenye kila gia, kwenye kila mzunguko, bila kugusa kabureta, bila vumbi, bei ya spoketi moja na nusu saa ya kazi. Unachopoteza ni kwamba kwenye lami injini inazunguka zaidi kwa spidi ileile. Tulifunga, akapanda barabara ya Monduli na mkewe nyuma, akarudi hasemi kitu, anacheka tu. Mkewe ndo alisema, "Sasa shemeji, ile koni ilikuwa ya nini?" Nikamwambia muulize mumeo.

Wiki tatu baadaye alirudi Natron. Kabla hajaondoka nilipaka grisi nyeupe nyembamba ndani ya ule mpira kati ya boksi na kabureta, baada ya ea klina, ili chochote kinachopita kinate pale. Nikampa na sponji ya pili ndani ya mfuko wa plastiki, imeshapakwa mafuta, abadilishe akilala Engaresero, maana njia ile sponji moja kwa siku mbili haitoshi. Na nikamwambia petroli itakula zaidi kidogo kuliko zamani, tanki ni lita 13 tu, asitegemee sheli huko ndani. Aliporudi tukafungua pamoja, grisi nyeupe, kidole kikatoka cheupe.

Gasketi ya chini ya bloku bado inatoa jasho. Imepungua baada ya injini kuanza kupumua lakini haijakoma, na mi sitaki kunyanyua bloku kwa ajili ya jasho, tunaongeza oili, tunafuta, tunasubiri siku ringi zitakapotaka kuonekana. Na juzi kanitumia picha ya ekzosi ya titani, bei sikumwuliza, kaandika tu "braza hii vipi?" Nikamjibu ile jeti ya 150 iko kwenye kopo, usiitupe.